Naambiwa kufundisha ni wito, lakini miezi mitatu sijaona mshahara

Shangazi shikamoo. Naandika hii nikiwa nimekaa juu ya mwamba nyuma ya shule coz ni hapa tu netiweki inashika, na simu iko asilimia 12, kwa hivyo ukiona nimerukaruka nisamehe.

Mimi ni mwalimu wa P1 (cheti cha kufundisha shule za msingi), miaka 27, nyumbani ni Bungoma. Nambari ya TSC, ile tume inayosajili na kuajiri walimu wa serikali, niko nayo, kazi ya TSC ndio sijapata, nimeaplai mara tatu jina halitoki. Mwaka juzi rafiki ya mamangu akasema kuna shule huku Turkana, ni ya serikali lakini Wakatoliki ndio wadhamini, iko ndani ya kompaundi ya misheni, wanataka mwalimu wa BOM, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule, elfu kumi kwa mwezi na nyumba ya bure. Nikasema si mbaya, mwaka mmoja nitavumilia nikingoja TSC. Sasa ni mwaka wa pili unaisha.

Siku ya kuja nilipanda gari Kitale asubuhi na mapema, tukapita Kapenguria, tukateremka ile milima mpaka Marich, na hapo ndio nikaona mahindi yameisha, miti inaisha, imebaki mawe na miiba. Kainuk gari zikasimamishwa zingoje askari wa kusindikiza, tukakaa hapo jua likitupika. Lodwar nilifika usiku. Kesho yake nikapandishwa lori la misheni juu ya magunia ya mahindi na maharagwe, masaa manne kwenye mchanga, nikashuka na vumbi mpaka ndani ya masikio. Sista mmoja akanipa maji nikayatema, yana chumvi. Akacheka akasema utazoea. Nimezoea kweli, ila meno yangu sio yale niliyotoka nayo Bungoma.

Nyumba ni chumba kimoja cha mabati, mchana huwezi kukaa ndani, usiku natoa godoro nje kama kila mtu. Nge nimeumwa nao mara mbili. Hayo yote nilikuwa nimeyakubali Shangazi, sitaki ufikirie naringa.

Nafundisha Gredi ya 2. Kwa rejista wako 74, wengine wana miaka 6 na kuna kijana ambaye sauti inavunjika, alikuwa malishoni miaka yote. Kiswahili hawajui, Kizungu hawajui, na mimi Kiturkana sijui zaidi ya ejoka, ile salamu. Eti mtaala unasema madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mama, sasa lugha ya mama gani, yangu ni Kibukusu! Kilichoniokoa ni msichana mmoja wa miaka kama 11, aliwahi kukaa Kakuma kwa shangaziye akajua Kiswahili. Nilimweka mbele akawa mkalimani. Nikisema choreni duara anawaambia. Nikikasirika pia anatafsiri, lakini nilikuja kujua baadaye hasira yangu alikuwa anaipunguza njiani, mimi nasema nyinyi mnapiga kelele kama mbuzi yeye anawaambia mwalimu anaomba mnyamaze.

Halafu kuna hii ya chakula. Mahindi yakiwa stoo darasa limejaa, yakiisha, Jumatatu nafungua rejista nakuta 21. Ukiuliza wazazi wanakuangalia tu, ni kama hawa watu shule kwao ni sufuria.

Jioni nikimaliza darasa mimi ndio matroni wa bweni la wasichana, hiyo hakuna malipo. Jumamosi kwaya. Siku hizi nimeongezwa kuongoza rozari na kufundisha katekisimu wale wadogo, na mimi ni mtu wa kanisa la Friends, hata ishara ya msalaba nilikuwa sijui naanza bega gani. Nikamwambia hedimasta akasema hapa ni misheni, uliona hiyo kabla hujakuja.

Sasa pesa. Mwaka wa kwanza ilikuwa inakuja kwa M-Pesa, imechelewa lakini inakuja. Hii tamu (muhula) imekuwa miezi mitatu kavu. Hedimasta anasema wafadhili wa ng'ambo hawajatuma. Nilienda kwa padri, akaniongelesha vizuri sana, akasema mwalimu, kufundisha huku ni wito, hata sisi hatulipwi mshahara. Nikatoka nikijiona mtu mbaya. Lakini mama ananipigia juu ya fisi (karo) ya ndugu yangu, dukani nimekopa mpaka 6,400, na mwalimu tunayepakana kota ni wa TSC, analipwa mshahara wake na pesa ya mazingira magumu juu, na nge wake ni wale wale wangu.

Wiki mbili zilizopita nikauliza tena, stafurumu, mbele ya wenzangu. Hedi akasema kama ni pesa natafuta ningefungua duka. Kesho yake nikaingia darasani na hiyo kitu kifuani, kijana mmoja akacheka, nikamchapa na rula kwa mkono, nguvu sana, damu ikatoka kidogo. Nikamwambia yule mkalimani wangu awaambie atakayecheka tena atapata hiyo hiyo. Alinyamaza. Hakutafsiri. Aliniangalia tu, akaenda akakaa nyuma. Tangu Alhamisi ya wiki hiyo sijamuona. Watoto wanaonyesha upande wa milima, nafikiri wanasema familia imehama na mbuzi, lakini sijui kama ni mbuzi ama ni mimi.

Jumamosi lori linaenda Lodwar saa kumi na moja alfajiri. Begi nimeshapanga. Sijaambia mtu yeyote. Shangazi, nikitoroka ni dhambi? Na nikibaki si ndio ujinga sasa?

Mwalimu wa Gredi ya 2, Turkana

---

Marahaba mwanangu. Lori la Jumamosi liache liende. Sikwambii ubaki huko milele, nakwambia tu usiondoke alfajiri kama mwizi wakati wewe ndiye unadai.

Nianze na hili neno wito maana naona ndilo limekufunga miguu. Padri aliitwa, sikatai, na alipoitwa aliitikia mwenyewe akiwa na akili zake, akasoma miaka mingi, na huyo aliyemwita anamlisha, akiugua anapelekwa hospitali, akizeeka ana pa kulala. Akisema halipwi mshahara anasema kweli, ila pia haulizwi fisi ya ndugu. Wewe uliitwa na rafiki ya mamako. Kwa kazi. Ya elfu kumi. Inawezekana kabisa nawe una wito, na kwa vile ulivyoandika juu ya huyo msichana mimi naona unao, lakini wito ni neno ambalo mtu anajisemea yeye mwenyewe, ukiona mwingine anakusemea na ni siku ya kuulizwa pesa, basi ujue pesa ndiyo inazungumziwa.

Sitaki pia umuone padri kama adui. Hizo misheni nyingi kweli zinaishi kwa pesa za kuombwa na ng'ambo huko mifuko imekauka, hilo linajulikana. Shida ni kwamba mfadhili wa ng'ambo sio mwajiri wako. Mwajiri wako ni bodi ya shule, hiyo BOM, na hedimasta ni katibu wake, na kanisa kama mdhamini lina viti 3 ndani ya hiyo bodi kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Mfadhili asipotuma, bodi ndiyo ina deni. Wakishindwa kulipa walitakiwa wakwambie mapema, mwalimu hatuna, tuachane kwa wema. Kukuweka darasani, bwenini, kwayani, rozarini, na ukiuliza unachekwa stafurumu, hapana, hiyo sio ufukara wa misheni.

Hukuniambia kama uliandikiwa mkataba, na vile sijaona neno hilo popote nafikiri haukuandikiwa. Usiogope. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi 3 na zaidi lazima iandikwe, na anayetakiwa kuiandika ni mwajiri, sio wewe. Kesi ikifika mahali na karatasi hakuna, yeye ndiye ataulizwa, wewe utaonyesha ulivyo navyo. Na unavyo, tena vingi! Zile meseji za M-Pesa za mwaka wa kwanza (usizifute, piga skrinshoti utume kwa simu ya mama), ratiba yenye jina lako, rejista yenye mwandiko wako, kile kitabu cha walimu kusaini asubuhi. Piga picha zote wiki hii, polepole, bila maneno. Una miaka 3 ya kudai kwa hiyo hakuna haja ya kukimbizana, lakini karatasi za shule zinaliwa na mchwa kabla ya miaka 3, najua ninachosema.

Halafu andika barua. Umeuliza kwa mdomo mara ngapi, kwa hedi, kwa padri, stafurumu, na kwa mdomo wote wanaweza kusema hawakusikia. Ukurasa mmoja, kwa mwenyekiti wa bodi kupitia hedimasta: nilianza kazi tarehe fulani, mshahara ni huu, miezi hii mitatu sijalipwa, naomba nilipwe kabla ya tarehe hii. Usiweke matusi, usiweke nge, usiweke maji ya chumvi. Hayo ni ya kweli lakini hakuna anayeweza kukulipa kwa ajili ya jua la Turkana isipokuwa TSC, na wewe bado sio wa TSC. Inauma kumuona jirani analipwa kwa jua lile lile, naelewa, ila huyo jirani hajakukosea na usije ukamnunia maana pengine ndiye atakusainia ushahidi.

Umatroni uandike kwa aya yake. Kazi ya usiku isiyo na malipo wala zamu ya kupumzika ni kazi, na sheria inataka kila mfanyakazi apate japo siku moja ya mapumziko kwa wiki. Wewe yako ni siku gani? Hesabu.

Rozari nayo. Hedi wako kasema hapa ni misheni, ni kweli, na mdhamini ana haki ya kulea imani pale shuleni, sheria hiyo hiyo ya 2013 inampa. Lakini kifungu kinachompa ndicho kinasema afanye hivyo akilinda imani ya wengine, na Katiba kifungu cha 32 kinakataa mtu kulazimishwa kufanya ibada isiyo ya imani yake. Mimi ningemwambia padri, sio hedi, na ningemwambia kwa adabu: Padri, watoto hawa wanastahili katekista anayeamini anachofundisha. Nakuhakikishia atakuelewa kuliko unavyofikiri, hakuna padri anayefurahia katekisimu ya mtu ambaye hajui bega la kuanzia. Kwaya kama unapenda baki nayo, kuimba hakujamdhuru Mfrenzi yeyote.

Sasa nikugeukie wewe kidogo, utanisamehe, ukubwa dawa.

Umesema hawa watu shule kwao ni sufuria. Nami nilifundisha Samburu nikiwa msichana, nikasema maneno karibu hayo hayo, mzee mmoja akanisahihisha nikaona aibu mpaka leo. Hebu fikiria. Wakati wa mkoloni kaskazini yote ilifungwa, kulikuwa na sheria ya 1902 na nyingine ya 1934, mtu wa nje haingii bila ruhusa na wa ndani hatoki ovyo. Shule kule chini, kwenu Bungoma, zilikuwa zinajengwa, huko hakuna. Mapadri wa Kikatoliki walifika Turkana 1961, na 1961 ulikuwa mwaka wa njaa kubwa, kwa hivyo mtu wa huko alipoona padri, chakula na darasa, aliviona siku moja, mahali pamoja. Baadaye kuanzia 1980 chakula cha shule kikawa cha WFP, Shirika la Chakula Duniani, mpaka 2018 serikali ilipokichukua. Sasa mzazi ambaye babu yake alijua shule ni mahali mtoto anapona njaa, na ambaye juzi tu mvua zimekataa misimu mitano mfululizo kutoka mwisho wa 2020 mpaka 2022 na mbuzi wakaisha, huyo akimtoa mtoto stoo ikiwa tupu hajadharau elimu yako. Mtoto wa miaka 8 anatembea kilomita ngapi kuja kwako? Akija na njaa na kurudi na njaa hafiki nyumbani. Mzazi amepiga hesabu, na mimi ningepiga hiyo hiyo. Wale 21 wanaobaki ukiangalia vizuri utakuta ni wa karibu na misheni.

Na lugha. Karibu miaka miwili mwanangu! Ejoka peke yake! Najua umechoka, najua ulidhani ni mwaka mmoja, lakini umekaa umezungukwa na walimu 74 wa Kiturkana na hujaomba somo hata moja. Maji ni ngakipi, mtoto ni ikoku, chakula ni akimuj, tayari umeshakuwa na manne. Ulimwachia msichana wa miaka 11 kazi ambayo ilikuwa nusu yake ni yako, akawa anabeba maneno yako na hasira yako pia, anaichuja njiani ili wenzake wasiumie. Siku ulipochapa yule kijana ulimpa maneno ambayo hayachujiki. Ndio maana alinyamaza.

Ile rula siwezi kuipita. Kuchapa mwanafunzi kumekatazwa na sheria, na wewe unajua, na kesi ya hivyo ikifika TSC inaweza kukuondolea hiyo nambari ambayo umeisubiria ajira yake miaka yote hii. Lakini weka sheria kando. Ulikuwa umetukanwa na mtu mzima mwenye cheo ukaenda ukamlipa mtoto. Ningekuwa wewe ningeenda darasani kesho, ningemwita huyo kijana, na kwa Kiswahili changu na vidole na hayo maneno manne ningemwomba msamaha mbele ya wenzake. Halafu ningeenda kumtafuta mzazi wake nikiwa na katekista wa kutafsiri, mtu mzima safari hii. Usisubiri waje wao.

Kuhusu msichana, inawezekana kabisa ni mbuzi. Majani yakiisha familia inahama, haiulizi tamu inaisha lini. Inawezekana pia ni wewe, au ni vyote viwili, na kuna la tatu ambalo hukulitaja nami nalitaja kwa woga, kwamba wa miaka 11, 12 huko wapo wanaoitiwa mahari. Kwa hiyo usikae juu ya mwamba ukijiuliza. Muulize katekista, hao ndio wanaojua kila boma limehamia wapi, na masista pia, wakiwa na gari la kwenda kusambaza dawa huwa wanapita huko huko. Mwambie chifu kama kuna harufu ya ndoa. Hili fanya kabla ya barua ya mshahara, hata kabla ya kula leo.

Sasa kuondoka. Kama tarehe uliyowapa ikifika na pesa haijaingia, unaandika barua ya pili, ya notisi. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, na hiyo ndiyo sababu sitaki upande lori Jumamosi, maana ukitoroka bila notisi wao ndio watasimama kukudai siku 28, na deni lao la miezi mitatu litaanza kupungua kwa hesabu ambayo umewapa wewe mwenyewe. Ukikaa hizo siku tamu itakuwa inafika mwisho, utajaza rekodi za watoto, utawakabidhi kwa anayekuja, utaomba cheti chako cha utumishi, ambacho ni haki yako hata kama mmekosana. Ukifika Lodwar ulizia afisa wa leba, umpe fotokopi ya barua zote mbili. Hakuna wakili hapo, hakuna ada, unakaa kwenye benchi unangoja zamu yako.

Wakilipa je? Hilo utajijibu. Ukitaka kubaki, baki kwa mkataba ulioandikwa, bila rozari, na umatroni wa zamu. TSC endelea kuaplai, na usiogope kuweka Turkana kwenye fomu, wewe huko tayari unajua kulala nje.

Mwenye duka mwambie ukweli leo hii, kwamba hujalipwa na utamlipa yeye wa kwanza, watu wa maduka ya huko wanavumilia sana aliyesema kuliko aliyejificha. Mama naye mwambie. Naona hajui.

Barua ukishaiandika ipige picha upande tena hapo juu ya mwamba unitumie, niipitie kabla hujaipeleka. Na uchaji simu kwanza.